Kaboni Mbili

Katuba, mwezi wa saba, alfajiri.
Baridi imeng'ang'ania mabati, vumbi halijaamka.
Kyungu anaisukuma teksi yake, yeye na vijana wawili,
midomo inawatoka moshi na sigara hawana.
"Ngoie!" ananiita tangu mbali. "Betri imekufa tena.
Ya tatu mwaka huu. Yule muuzaji ni mwizi!"

Simjibu. Nainama na mita yangu.
Kumi na moja nukta nne.
Haijafa. Ina njaa.

Kyungu, kabla hujamtukana mtoto wa watu, sikia.
Humu mna vyumba sita,
kila chumba volti mbili na chenji kidogo.
Bamba za risasi zimesimama ndani ya asidi
bega kwa bega, hazigusani.
Unapowasha, asidi inazama ndani ya risasi,
inaacha maji, na umeme ndio unaotoka.
Betri iliyochoka, basi, ni mchuzi uliokimbiwa na chumvi.
Na asubuhi kama hii, asidi nayo inajikunyata,
inatembea polepole,
wakati stata inadai debe zima kwa mkupuo mmoja.

Ni ghala tu hili. Halilimi.
Mwenye shamba yuko kule chini, nyuma ya mkanda.

Tunaazima nguvu kwenye betri yangu. Injini inakohoa, inashika.
Naweka mita tena, tunasubiri.
Ingepaswa kupanda hadi kumi na nne na ushee.
Kumi na moja nukta nane.
Nukta saba.
Hakuna anayerudisha kitu.

"Taa nyekundu haikuwaka?"
Kyungu anaangalia upande wa soko.
Kwenye dashibodi, pale penye picha ya betri,
kuna kipande cha utepe mweusi, kimebandikwa vizuri, kwa ukucha.
"Ilikuwa inaniumiza macho usiku," anasema.

Nafungua alternata juu ya gunia.
Katikati kuna sumaku, lakini si sumaku ya kuzaliwa:
inalishwa umeme kidogo kwanza, ndipo itoe mwingi,
na kinachoilisha ni kaboni mbili
zinazosugua pete usiku na mchana.
Hizi zimelika. Zimebaki kama punje za mahindi.
Diodi ni nzima, walinzi wa lango wasiopokea rushwa:
kutoka, ruhusa; kurudi, marufuku.
Na kuzunguka vyote, shaba.

Hapo huwa nasimama kidogo.
Nyuzi nyembamba, zimepakwa vanishi, zimelala kwa mpango.
Babu yangu Nkulu alichoma jiwe chini ya lile bomba refu
hadi mapafu yakawa na rangi yake.
Shaba ikapanda treni, ikapanda meli, ikaenda kusukwa na watu wasiotujua,
ikazeekea katika gari la mtu mwingine,
ikarudi kupitia Kasumbalesa, mkono wa pili,
na sisi tukailipia ushuru.
Siwezi kuapa kwamba ni ile ile.
Naifuta tu na kitambaa kisafi kuliko vingine.

Usiniambie hapa pana methali, Kyungu.
Pasta wako angepata mahubiri ya saa mbili:
mtoaji asiyerudishiwa, taa iliyofunikwa.
Mimi nina kaboni mpya mbili na waya wa kulehemu.

Saa nne kasoro. Anawasha.
Kumi na nne nukta mbili.
Nang'oa utepe; chini yake taa imezimika yenyewe,
na hiyo ndiyo namna yake ya kusema asante.

"Nitalipa Jumamosi," anasema, keshaingiza gia.
Naokota kaboni moja kuukuu, ile punje,
na kwenye ukuta wangu, chini ya majina mengine,
naandika kwa weusi wake:
*Kyungu. Elfu kumi na tano.*
Inaandika vizuri kuliko kalamu.